Somo la Afya: Jino Lililonyamaza Halijapona

Katika somo la juma hili twataka kueleza habari za jino lililoingiwa na maradhi hata likafanya usaha: jinsi ugonjwa huo unavyoanza, jinsi unavyoendelea, jinsi unavyotibiwa, na ni dalili zipi zinazompasa mgonjwa kuacha kila shughuli akaenda hospitali upesi. Ni jambo linalomhusu mkulima wa shamba sawasawa na karani wa mjini, mama alezaye watoto na mzee aliyebakiwa na meno machache.

Liko neno moja ambalo twamwomba kila msomaji alishike tangu mwanzo, kwa kuwa somo lote limejengwa juu yake. Neno lenyewe ni hili: jino lililouma sana, kisha likanyamaza lenyewe bila ya kutibiwa, halijapona. Mara nyingi jino hilo limekufa, na ugonjwa uliokuwa ukipiga kelele sasa unafanya kazi yake kimya ndani ya mfupa wa taya. Wengi waliofikwa na hatari ya maisha kwa ajili ya jino walipita kwanza katika siku hizo za ukimya, wakashukuru, wakasahau.

JINO NI KITU HAI

Watu wengi hudhani kwamba jino ni kama jiwe lililopandwa katika ufizi. Sivyo. Jino ni kitu hai. Sehemu ya juu tunayoiona imefunikwa na gamba jeupe liitwalo enameli. Gamba hilo ni gumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa binadamu, hata kuliko mfupa. Lakini likishatoboka, mwili hauwezi kulijenga tena. Chini ya gamba hilo kuna dentini, ambayo ni laini zaidi, yenye rangi ya manjano kidogo, na yenye vijitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Na katikati kabisa kuna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Sehemu hiyo tutaiita kiini cha jino. Mishipa yake huingia kwa kupitia tundu jembamba sana lililo kwenye ncha ya mzizi, chini ndani ya mfupa.

Msomaji aliweke umbo hilo akilini: chumba chenye kuta ngumu pande zote, na mlango mmoja tu, nao ni mwembamba. Kidole kikivimba, ngozi yake hutanuka. Lakini kiini cha jino kikivimba hakina nafasi ya kutanukia. Hujibana chenyewe ndani ya kuta zake, na mishipa ya fahamu husongwa. Mgonjwa akilala, damu huzidi kuelekea kichwani, na maumivu huongezeka. Ndiyo maana mtu mzima aliyezoea kuvumilia mengi huweza kukesha akilia kwa ajili ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama.

ADUI WA KWELI WA MENO

Tangu zamani za kale, katika nchi nyingi za Asia, Ulaya na Afrika, watu waliamini kuwa jino hutobolewa na mdudu, yaani funza mdogo aliyejificha ndani yake. Wako waganga waliomfukiza mgonjwa moshi wa mbegu, kisha wakamwonyesha vitu vyeupe wakisema kwamba ndio wadudu waliotoka. Mwaka 1728 tabibu mmoja wa Ufaransa, Pierre Fauchard, aliandika kitabu kikubwa juu ya meno, na humo akaeleza kuwa yeye alitafuta funza huyo asimwone.

Adui wa kweli alielezwa vizuri zaidi na Mmarekani mmoja aliyefanya kazi mjini Berlin, jina lake Willoughby Miller, katika kitabu alichokitoa mwaka 1890. Alionyesha kwamba kinywani mwa kila mtu mna vijidudu vidogo mno, ambavyo kwa kitaalamu huitwa bakteria. Vijidudu hivyo hukaa katika ukoga, yaani ule utando laini unaoshika kwenye meno yasiyosafishwa. Mtu akila kitu chenye sukari au wanga, vijidudu nao hula, na katika kula kwao hutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha enameli kidogo kidogo mpaka pakawa na tundu.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba kila mara mtu anapoonja sukari, asidi hufanya kazi yake kwa muda wa nusu saa hivi au zaidi, ndipo mate yapate kuisafisha. Basi kinachodhuru si wingi wa sukari peke yake, bali pia ni mara ngapi kinywa kinaonjeshwa sukari kwa siku. Mtu anywaye chai yenye sukari pamoja na chakula chake, halafu akanyamaza, huyapa meno yake nafasi ya kupumzika. Lakini yule anayeiweka chupa ya soda mezani akainywa funda moja moja tangu asubuhi mpaka jioni, meno yake hayapumziki hata kidogo, ijapokuwa chupa ni moja tu.

HATUA NNE ZA UGONJWA

Ili jambo hili lieleweke, tumchukue mkulima mmoja kuwa mfano wetu. Hatumtaji jina, kwa sababu yeye ni mfano tu. Lakini watu kama yeye wako katika kila kijiji na kila mtaa.

Hatua ya kwanza, gego lake la chini lina doa, kisha tundu dogo katika enameli. Haumwi na kitu. Enameli haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo haiwezi kumpa habari. Kama angemwendea daktari wa meno wakati huo, tundu lingesafishwa na kuzibwa kwa muda mfupi, na habari ingekuwa imekwisha.

Hatua ya pili, tundu limefika katika dentini. Akinywa maji ya mtungini, au akila muwa, jino humchoma kidogo; akiacha, maumivu huondoka mara moja. Hapo pia jino laweza kuzibwa likadumu miaka mingi. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na sidhani kama iko mahali methali hiyo inapofaa kuliko katika jino.

Hatua ya tatu, vijidudu vimekaribia kiini nacho kimevimba. Sasa jino huuma lenyewe bila ya kuguswa. Chai ya moto hulizidishia, na maumivu hukaa muda mrefu. Usiku hapati usingizi. Mke wake anamwekea karafuu, jirani anampa vidonge, naye anaazimia kwenda hospitali siku ya Jumatatu. Katika hatua hii kuziba tundu peke yake mara nyingi hakutoshi tena.

Hatua ya nne, kabla ya Jumatatu kufika, jino linanyamaza. Mkulima wetu anafurahi. Ile nauli ya kwendea hospitali anainunulia mbolea. Lakini jino halikunyamaza kwa sababu limepona. Limenyamaza kwa sababu kiini chake kimekufa, na mishipa ya fahamu iliyokuwa ikilia imekufa pamoja nacho. Vijidudu havikufa. Sasa vina chumba kizima chenye nyama iliyooza, na askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hawawezi kuingia humo, maana mishipa ya damu iliyokuwa njia yao haipo tena.

Kutoka katika chumba hicho vijidudu hupenya kwenye ncha ya mzizi mpaka ndani ya mfupa. Mwili hupigana navyo huko, na usaha hukusanyika. Hilo ndilo jipu la jino. Laweza kutokea baada ya majuma machache, au baada ya miezi, au hata baada ya miaka. Dalili zake ni hizi: jino huuma likiguswa au likitafuniwa, mgonjwa huona kana kwamba jino limerefuka kuliko mengine, ufizi huvimba na kuwa mwekundu, kinywa hunuka au huwa na ladha mbaya. Wakati mwingine pale penye ufizi hutokea kipele kidogo kinachotoa usaha mara kwa mara. Kipele hicho ni mlango ambao jipu limejifungulia. Maumivu hupungua kwa kuwa usaha unapata pa kutokea, lakini chanzo kingali kipo.

DALILI ZA HATARI

Usaha hutafuta njia iliyo rahisi. Mara nyingi hutokea katika ufizi. Lakini magego ya nyuma katika taya la chini yana mizizi mirefu ishukayo sana, na usaha wake waweza kutokea upande wa chini, ukaenea chini ya ulimi na katika shingo. Hapo uvimbe huusukuma ulimi juu na nyuma, hata njia ya pumzi ikazibwa. Ugonjwa huo ulielezwa na daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Kabla ya kupatikana dawa kama penisilini, zaidi ya nusu ya waliopatwa nao walikufa. Hata leo huua wale wanaochelewa. Kwa upande wa meno ya juu, usaha waweza kuelekea kwenye jicho, na mara chache hata kwenye ubongo.

Basi mkulima wetu, ambaye miezi mitatu baadaye, katikati ya msimu wa palizi, ameamka na uvimbe chini ya taya, asiseme kwamba atamaliza palizi kwanza. Mtu yeyote mwenye jino bovu akiona mojawapo ya dalili zifuatazo, aende hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku:

1. Uvimbe unaoenea chini ya taya, shingoni, au kuelekea kwenye jicho.
2. Kinywa kisichofunguka vizuri.
3. Shida ya kumeza, au mate yanayomtoka mgonjwa kwa kuwa hawezi kuyameza.
4. Ulimi ulioinuka, au sauti iliyobadilika kama ya mtu mwenye chakula cha moto kinywani.
5. Shida ya kupumua.
6. Homa kali pamoja na kutetemeka, kulegea sana au kuchanganyikiwa.

Mgonjwa mwenye shida ya kupumua asilazwe chali. Akalishwe wima, naye aharakishwe. Asipelekwe kwenye zahanati isiyokuwa na daktari akangojeshwa foleni. Apelekwe hospitali kubwa iliyo karibu, na wale wanaompeleka waseme wazi mlangoni kwamba hawezi kupumua vizuri.

Wako watu ambao wapasa kuwa waangalifu zaidi kuliko wengine. Mwenye ugonjwa wa kisukari ni mmoja wao, kwa maana sukari nyingi katika damu huupa ugonjwa wa jino nguvu, nao ugonjwa wa jino huipandisha sukari. Wengine ni wale ambao nguvu ya miili yao ya kupigana na maradhi imepungua. Kadhalika aliyewahi kuambiwa kwamba ana ugonjwa wa vali za moyo, maana vijidudu vya kinywa vyaweza kuingia katika damu na kutulia humo moyoni. Watu hawa wamwambie daktari habari zao kabla hajaligusa jino.

KWA NINI VIDONGE PEKE YAKE HAVITOSHI

Siku hizi iko desturi ambayo imeenea sana. Mtu akiumwa na jino huenda katika duka la dawa, akanunua vidonge vichache vya kuua vijidudu, kama amoksilini, akameza siku mbili tatu. Uvimbe ukipungua huacha, na vile vilivyobaki humwekea jirani.

Msomaji aliyeifuata sura ya jino tuliyoieleza atajua mwenyewe kosa liko wapi. Dawa ya kumeza husafiri kwa njia ya damu. Lakini katika kiini kilichokufa damu haiingii tena, na ndani ya jipu damu haipiti vizuri. Basi dawa huzunguka nje ya ngome bila ya kuingia ndani. Yaweza kuwapunguza maadui waliotoka, na uvimbe ukashuka. Lakini kambi yao ipo pale pale, nao watatoka tena. Zaidi ya hayo, vijidudu vilivyoonja dawa kidogo bila ya kufa hujifunza kuishinda, na siku dawa hiyo itakapohitajiwa kuokoa maisha huenda isifae kitu.

Hatusemi kwamba dawa hizi ni mbaya. Zina kazi yake. Daktari huzitoa pale ugonjwa unapoenea, mgonjwa anapokuwa na homa, au mwili wake unapokuwa dhaifu. Akikuandikia, zimeze kwa kipimo na kwa siku alizosema. Na kama penisilini iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso, mwambie kabla hujapewa. Lakini hata hapo dawa ni msaidizi tu. Tiba ni kuondoa chanzo.

TIBA YENYEWE

Kuna msemo kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Msemo huu una ukweli, lakini si ukweli wote. Daktari wa meno hulitazama jino, huligonga kidogo, na pengine huipiga taya picha ya eksirei ili aone mfupa. Kisha huchagua katika njia hizi.

Njia ya kwanza ni kutoa usaha. Ikiwa jipu limejaa, daktari hulipasua kwa chombo safi, au hutoboa jino ili usaha utoke. Nafuu huja upesi, mara nyingi siku ile ile. Lakini kazi haijaisha, maana jino lenyewe lingali na uozo ndani.

Njia ya pili ni kulisafisha jino ndani na kuliziba. Daktari hutoa kiini kilichokufa, huisafisha mifereji ya mizizi yote kwa vyombo vyembamba, kisha huijaza na kuiziba ili vijidudu visirudi. Jino lililotibiwa hivyo laweza kutafuna kwa miaka mingi. Kazi hii huhitaji ufundi, muda, na gharama iliyo kubwa kuliko kung'oa; tena haipatikani kila hospitali.

Njia ya tatu ni kung'oa. Jino likiwa limevunjika sana, au mfupa wake umelika, au gharama ya kuliokoa haiwezekani, kung'oa ni tiba kamili, wala si jambo la aibu. Ila aliye na uwezo wa kuchagua akumbuke methali isemayo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Wengi huogopa sindano. Yafaa wajue jambo moja. Dawa ya ganzi hufanya kazi vizuri katika nyama iliyo salama, lakini mahali palipojaa usaha pana asidi, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kwa hiyo aliyengoja mpaka amevimba huenda akasikia maumivu zaidi kuliko aliyekuja mapema. Ni hofu ya maumivu inayowafanya watu wachelewe, na kule kuchelewa ndiko kunakoleta maumivu.

Hapa Kenya madaktari wa meno wamekuwa wakifundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1974, na wako pia maafisa wa afya ya kinywa waliofundishwa kuziba na kung'oa meno. Si kila zahanati ina mtu wa namna hiyo. Lakini mwuguzi au afisa wa kliniki aweza kukutazama, akakupa dawa ya maumivu, na kukuandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti. Uliza siku gani kazi ya meno hufanywa kabla ya kulipa nauli. Mama mjamzito naye asizuiwe. Aseme tu kwamba ana mimba, na atatibiwa kwa uangalifu.

YA KUFANYA UKIWA NJIANI KUELEKEA TIBA

Mambo haya hupunguza maumivu, lakini hayaponyi. Sukutua kwa kikombe cha maji ya vuguvugu yaliyotiwa nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, kisha uyateme; fanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini aweza kumeza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, wala asizidishe vidonge 8 katika saa 24. Akilala aweke mto wa ziada ili kichwa kiinuke. Ikiwa shavu limevimba, aliwekee kitambaa chenye maji ya baridi, si cha moto.

Karafuu, ambayo watu wa Pwani wameitumia tangu zamani na ambayo Unguja na Pemba zilijulikana kwayo duniani, ni msaada wa kweli. Mafuta yake hutuliza mishipa ya fahamu, na madaktari wa meno huyatumia katika dawa ya kuziba jino kwa muda. Tia tone moja kwenye pamba, uiweke ndani ya tundu la jino. Usiipake fizi nzima, maana huunguza, wala usimpe mtoto mchanga. Na jino likitulia kwa karafuu, kumbuka neno letu la kwanza.

Yako mambo yasiyofaa kabisa. Usiweke kidonge cha asprini juu ya ufizi. Kitauunguza, na kidonda kitakuwa juu ya kidonda. Mtoto asipewe asprini kwa hali yoyote bila ya amri ya daktari. Usitie maji ya betri, mafuta ya taa, wala msumari wa moto katika jino. Usitoboe jipu kwa mwiba au wembe. Wala usimruhusu mtu akung'oe kwa koleo la fundi kando ya soko, kwa maana chombo kisichochemshwa ipasavyo huweza kuambukiza pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na mzizi ukivunjika ndani ugonjwa hubaki.

Jino likisha kung'olewa hospitali, uma pamba uliyopewa kwa nusu saa bila ya kuitoatoa. Siku hiyo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara wala kunywa pombe, ili damu iliyoganda ibaki mahali pake. Hiyo ndiyo kifuniko cha kidonda. Kesho yake anza kusukutua polepole kwa maji ya chumvi. Damu ikitoka tena, uma kitambaa safi kwa nusu saa. Isipokoma, rudi hospitali. Na maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, rudi vile vile.

HABARI ZA WATOTO

Mtoto ana meno 20 ya utoto, na mtu mzima ana 32. Wazazi wengi hawajali jino la utoto likioza, wakisema litang'oka lenyewe. Lakini usaha wa jino la utoto huweza kuliharibu jino jipya linaloota chini yake, na mtoto mwenye maumivu hali vizuri wala hasomi vizuri. Tena, mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, magego manne mapya huota nyuma ya meno ya utoto, bila ya jino lolote kung'oka. Wazazi hudhani kwamba nayo ni ya utoto. Sivyo; hayo ni ya maisha, na yakiharibika hayatoki mengine.

Jambo jingine ni la watoto wachanga. Mtoto akiwa na homa au akiharisha, wako watu wanaofunua kinywa chake, wakaonyesha uvimbe mweupe pale zitakapoota chonge, wakasema kwamba hayo ni meno mabaya, meno ya plastiki, yapasa kuchokolewa. Uvimbe huo si ugonjwa. Ni jino la kweli ambalo bado halijakomaa. Watoto wamekufa kwa kutokwa na damu na kwa maradhi yaliyoingia katika kidonda hicho, huku ugonjwa uliowaletea homa ukiachwa bila ya kutibiwa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati, na kinywa chake kisiguswe.

Kadhalika, katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru na Naivasha, maji yana madini ya floridi kwa wingi, na meno ya waliokulia huko huwa na madoa ya rangi ya kahawia. Madoa hayo peke yake si uozo wala si dalili ya usaha, wala si sababu ya kung'oa.

KINGA

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Mtoto wa chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha njegere. Ukimaliza, tema, wala usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki juu ya meno. Mswaki wa mti ni mzuri pia, ukitafunwa vizuri na kufikishwa mpaka magego ya nyuma, ambako wengi hawafiki. Punguza kuonja vitu vitamu kati ya mlo na mlo. Usimlaze mtoto na chupa ya maziwa au uji wenye sukari kinywani. Na ukiona tundu, hata kama haliumi, nenda likazibwe.

MASWALI KWA WANAOSOMA PAMOJA

1. Kwa nini kiini cha jino kikivimba huuma kuliko kidole kilichovimba?
2. Jino lililouma kwa siku tano likaacha lenyewe limepatwa na nini?
3. Kwa nini dawa ya kumeza haifiki ndani ya jino lililokufa?
4. Taja dalili tatu za kumpeleka mgonjwa hospitali usiku ule ule.
5. Magego yanayoota mtoto akiwa na miaka 6 ni ya utoto au ya maisha?

Majibu yote yamo katika somo hili. Msomaji akishayajua, na amwulize aliye jirani naye kama lipo jino kinywani mwake lililowahi kumkesha, kisha likanyamaza. Akijibu kwamba lipo, amshauri aende likatazamwe juma hili hili, wakati bado haumwi na wakati nauli bado ni ya kwendea kliniki ya meno, siyo ya kukimbizia mgonjwa usiku.